Uani kwa Dar es Salaam: Vijiji vya Kisarawe na Kibaha tangu boma la Mjerumani

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, wakauzungushia mji huo wilaya moja kubwa na kuipa wilaya jina la mji. Mbele, wilaya hiyo ilikuwa na bandari, ofisi za serikali, kambi ya askari na nyumba za chokaa zilizotazama maji. Nyuma ilikuwa na Uzaramo: vilima vya Pugu na Kisarawe, mabonde ambamo mito ya Msimbazi na Mzinga huanzia, na kule magharibi bonde pana la Ruvu, mto ambao wasafiri wa zamani waliuandika kwa jina la Kingani. Walipakodi wengi waliishi nyuma. Maandishi mengi ya wilaya yanahusu mbele.

Kisarawe na Kibaha zimekuwa uani kwa Dar es Salaam tangu siku hizo. Uani ndiko kunakotwangwa na kupikwa, ndiko kunakowekwa kuni na mitungi ya maji. Mgeni huketishwa barazani na huko nyuma hafiki. Ukiifuata historia ya vijiji hivi utaona kila utawala, wa Mjerumani, wa Mwingereza na wa kwetu wenyewe, ukiingia uani kuchukua kitu kisha ukirudi barazani. Mara moja tu mambo yalikwenda kinyume, nayo ni habari ya Kibaha, tutafika.

Kabla ya Mjerumani, Uzaramo haikuwa na mji wala mfalme. Watu waliishi kwa kutawanyika, nyumba tatu nne chini ya minazi na miembe, kisha pori, kisha nyumba nyingine za ukoo mwingine. Wakubwa wao wa vita na wa mashauri waliitwa mapazi, na aliyesifika kuliko wote ni Pazi Kilama, ambaye masimulizi yanasema aliwafukuza Wakamba waliokuwa wakiwasumbua Washomvi wa pwani. Kwa kazi hiyo Washomvi wakakubali kumtolea ada yeye na warithi wake, na kwa miaka mingi mapazi walikuwa wakishuka pwani kudai haki yao. Yaani kulikuwa na wakati ambapo bara la Uzaramo ndilo lililoitoza pwani. Sina budi kulitaja hilo mapema, maana baada yake mambo yaligeuka na hayajarudi.

Mapazi hawakuwa watu wa kuchezewa. Mwaka 1845 afisa wa jeshi la maji la Ufaransa, Eugène Maizan, aliingia Uzaramo akiwa na shehena iliyowatia watu tamaa, akauawa Dege la Mhora na pazi aliyeitwa Mazungera. Habari hiyo ilienea sana hivi kwamba msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita bonde la Ruvu mwaka 1857 akielekea ziwa Tanganyika, yeye na wapagazi wake waliandamwa na kivuli cha Maizan. Biashara ya nchi wakati huo ilikuwa sandarusi. Wazaramo waliichimba ardhini, wakaiosha na kuiuza kwa wafanyabiashara wa pwani, nayo ikavushwa Unguja hadi Salem kule Marekani, ambako ilitengenezewa vanishi ya samani na magari ya farasi. Mtu wa Kisarawe hakuwa na habari na Salem, lakini jembe lake lilikuwa limefungwa huko.

Tuna bahati kwamba mmoja wa waandishi wetu wa mwanzo alitoka huku. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mzaliwa wa Dunda, Uzaramo. Mwaka 1900 alichukuliwa kwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Humo kuna habari za Wazaramo na mapazi wao zilizoandikwa na mtu aliyewajua, kwa lugha yake, si kwa kuulizwaulizwa na mzungu mwenye daftari. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata wakafunga safari ya kurudi Afrika, lakini serikali ya koloni haikutaka kumwona Mwafrika akishuka melini na mke mzungu, ikawazuia. Akarudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Serikali iliyokuwa tayari kupokea kodi ya watu wa Dunda haikuwa tayari kumpokea mtu wa Dunda na mkewe.

Wa kwanza kupanda vilima vya Uzaramo na kujenga walikuwa wamisionari. Wabenedikti wa Mtakatifu Ottilien walifika Pugu mwaka 1888, wakaanza kulima na kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani. Hawakukaa. Pwani nzima ilikuwa imewaka moto wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, na Januari 13, 1889 watu wa upande wake wakaivamia misheni, wakawaua wamisionari watatu, wengine wakawachukua mateka. Waliobaki walijiondoa Pugu na kujipanga upya Dar es Salaam.

Walutheri walikuja polepole zaidi. Johann Jakob Greiner alikuwa ametua Dar es Salaam mwaka 1887 akitumwa na chama cha misheni kilichoanzishwa Berlin mwaka mmoja kabla. Mwaka 1892 akapanda hadi Kisarawe, mahali penye mita kama 300 juu ya usawa wa bahari, penye upepo na mbu wachache kuliko bandarini. Watu wake wa kwanza hawakuwa Wazaramo. Walikuwa watumwa waliokombolewa, waliotoka bara, wasio na shamba la ukoo wala kaburi la babu kwenye vilima vile. Ukitaka kuelewa kwa nini Kisarawe ilikuja kuwa mji wakati vijiji vikubwa kuliko hiyo vilibaki vijiji, anzia hapo: ilianza kama makazi ya watu wasio na kwao pengine, waliokaa pamoja kwa amri, wakiwa na shule, kanisa na kengele ya kuwaamsha. Mwaka 1895 kituo cha pili kikafunguliwa Maneromango, kusini zaidi, katikati ya Wazaramo wenyewe. Mwaka 1903 vituo hivyo vikakabidhiwa kwa Misheni ya Berlin.

Wamisionari hao walifanya kazi ya uandishi ambayo mpaka leo watafiti wanaitegemea, hasa Martin Klamroth, aliyeandika juu ya dini ya Wazaramo na juu ya kuenea kwa Uislamu. Hilo la pili lilimkosesha usingizi, na alikuwa na sababu. Serikali ya Kijerumani ilikuwa ya Kikristo kwa jina, lakini uso wake kijijini ulikuwa wa Mwislamu wa pwani: akida aliyevaa kanzu, aliyejua kusoma hati za Kiarabu, aliyeandikiana na boma kwa Kiswahili. Kijana wa Kizaramo aliyetaka kuwa mtu mbele ya serikali alimtazama akida, si padri. Kisarawe ikapata kanisa, na vijiji vilivyoizunguka vikaenda msikitini. Hali iko hivyo hata sasa.

Huyo akida anastahili kutazamwa kwa karibu, maana Mjerumani alitawala kwa mkono wake. Wilaya iligawanywa kati ya maakida, na kila akida alikuwa na majumbe chini yake. Akida mara nyingi alikuwa mgeni: mtu wa Bagamoyo, wa Pangani, wakati mwingine Mwarabu. Jumbe alikuwa mwenyeji, lakini kazi yake mpya haikuwa ya ujumbe wa zamani. Zamani jumbe alikuwa mkubwa wa watu fulani, popote walipokaa. Sasa alikuwa mwenye orodha. Kijiji kikawa jumla ya nyumba zilizoandikwa chini ya jina lake, hata kama kati ya nyumba ya kwanza na ya mwisho kulikuwa na mwendo wa saa mbili. Gavana Liebert alipoleta kodi ya nyumba, iliyoanza kukusanywa mwaka 1898, kiwango cha vijijini kilikuwa rupia 3 kwa kila nyumba, na orodha ile ndiyo iliyotumika.

Rupia 3 zilitoka wapi? Wengine waliuza nazi na mihogo, wengine walichimba sandarusi zaidi, wengine walikwenda kubeba mizigo bandarini. Asiyekuwa nazo aliwekwa kazini mpaka deni liishe. Na asiyefika baraza alipoitwa, au aliyejibu vibaya, alilazwa chini akapigwa kiboko, hamsa ishirini. Maneno hayo mawili yalibaki midomoni mwa wazee wa pwani muda mrefu baada ya Wajerumani wenyewe kuondoka. Wapo wanaoukumbuka utawala wa Mjerumani kwa nyumba zake imara na kwa kuwa hakutaka upuuzi. Katika vijiji vya Uzaramo hakujenga nyumba imara.

Kisha ikaja pamba. Gavana von Götzen alitaka koloni lizalishe kitu ambacho viwanda vya Ujerumani vingekinunua, na mwaka 1902 mpango wa mashamba ya jumuiya ukaanzishwa katika wilaya ya Dar es Salaam na kusini mwake. Kila jumbe alitakiwa kufyeka shamba la pamba, na watu wake walime humo kwa zamu, siku zilizohesabiwa, mara nyingi zikiangukia wakati wa kulima mtama na mpunga wao wenyewe. Kwa karatasi, mapato yangegawanywa kati ya wakulima, wakuu wao na mfuko wa wilaya. Siku ya malipo ilipofika, mkulima wa Uzaramo alihesabiwa senti 35 kwa kazi ya msimu mzima. Wako waliokataa kuzipokea. Fikiria mtu amesimama mbele ya meza ya akida, mkono umechubuka kwa jembe la shamba lisilo lake, anapewa kitu kisichofika hata sehemu ya sita ya kodi ya nyumba yake. Kukataa zile senti lilikuwa tendo la kisiasa, pengine la kwanza kufanywa mbele ya meza ile.

Vita vya Majimaji vilianza Umatumbi Julai 1905. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa Mohoro mapema mwezi wa Agosti, lakini maji yake yalikuwa yamekwisha kusambaa, na kusini mwa Uzaramo kukaingia vitani. Jina linalokumbukwa huko ni la Kibasila wa Kisangire, kijiji ambacho leo kiko wilaya ya Kisarawe. Wajerumani walimnyonga. Shule ya sekondari ya Kibasila pale Temeke imebeba jina lake, na naamini wengi waliosoma hapo hawajawahi kuonyeshwa Kisangire kwenye ramani. Baada ya vita mashamba ya jumuiya yakaachwa. Akida na orodha havikuachwa.

Mwaka uleule wa vita ndipo ilipoanza kazi ya reli. Kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt ilianza kutandika reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita kwenye mwanya wa vilima vya Pugu, ikateremka Soga, ikavuka bonde la Ruvu, na kabla ya mwaka 1907 kwisha ilikuwa imefika Morogoro. Mwaka 1914 ikafika Kigoma. Kwenye ramani za shule reli huonyeshwa kama uti wa mgongo wa nchi, na kwa Morogoro, Dodoma na Tabora ni kweli. Kwa Uzaramo haikuwa hivyo. Soga, Ruvu, Kwala, Magindu, vyote vilivyo Kibaha ya leo, vilipata stesheni au kituo cha kusimama treni: tangi la maji, nyumba ya mkuu wa stesheni, nyumba za genge la kutengeneza njia, rundo la magogo kwa ajili ya injini. Miji haikuota.

Sababu si ngumu kuiona ukiwa miguuni mwa mkulima. Mtu wa Soga mwenye mzigo wa mihogo au nazi alikuwa karibu mno na Dar es Salaam. Yeye na mkewe waliweza kubeba mzigo kichwani na kuufikisha sokoni bila kumlipa Mjerumani nauli. Reli ilitengenezwa kwa ajili ya vilivyo mbali, karanga za Tabora na katani ya Morogoro. Uzaramo ilikatizwa tu. Kilichochukuliwa kwa wingi ni kuni, kwani injini zilikula misitu, na nguvu kazi kwa yule ambaye kodi ilimlemea. Hata mafundi na vibarua wa njia wengi walikuja kutoka bara, hasa Unyamwezi, wakaacha wajukuu kwenye vijiji vya kando ya reli.

Vita Kuu vilipita hapa kwa haraka na vibaya. Agosti 1916 majeshi ya Mwingereza yalishuka kutoka Bagamoyo, Wajerumani wakirudi nyuma na kuvunja madaraja ya reli nyuma yao, likiwemo la Ruvu. Septemba 4, 1916 Dar es Salaam ikasalimu amri. Kila upande ulihitaji wapagazi, na orodha ya jumbe, iliyotungwa kwa kodi, ikawa orodha ya kuwachukulia watu. Wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, makanisa ya Kisarawe na Maneromango yakashikwa na walimu wenyeji kwa miaka ambayo haikuwa na mshahara wa uhakika. Nadhani huko ndiko Ulutheri wa Uzaramo ulikokuwa wa Uzaramo.

Waingereza walikuja na wazo lao la kutawala kupitia machifu, wakafika Uzaramo wakakuta hakuna chifu mkuu wa kumtumia. Wakatafuta, wakahoji wazee, wakarudi kwenye kitu kilekile cha akida kwa jina jingine. Walichofanya cha maana ni kuutenga mji na shamba. Mji ukawa na utawala wake, na Uzaramo ikawa wilaya yenyewe, boma lake likiwa Kisarawe. Kilima cha Greiner sasa kikawa na bendera, mahakama, na foleni ya watu wenye kesi za mashamba na minazi. Kwa mara ya kwanza mtu wa Maneromango au wa Mzenga hakulazimika kufika bandarini ili kuonana na serikali. Lakini Kisarawe ilikuwa imejengwa kwa ajili ya hewa safi, si kwa ajili ya maji. Juu ya kilima kisima hukauka. Mji huo uliishi kwa maji ya kubeba na ya kununua hadi Juni 2020, Rais Magufuli alipozindua mradi unaoyapandisha maji ya Ruvu kutoka Kibamba. Maji yaliyokuwa yakiteremka Dar es Salaam kutoka Ruvu Juu, pale Mlandizi, tangu mwaka 1959, yalichukua miaka zaidi ya 60 kupanda hadi makao makuu ya wilaya iliyo jirani na mto wenyewe.

Vilima vile vilikuwa na neema nyingine, ya shule. Mwaka 1925 Waanglikana walikihamishia Minaki chuo chao cha Mtakatifu Andrea kilichokuwa Kiungani, Unguja, na kwa miongo kadhaa Minaki ikatoa walimu na wasaidizi wa waganga kwa nusu ya Tanganyika. Wakatoliki walirudi Pugu na kujenga shule ya Mtakatifu Fransisko. Baadaye akaajiriwa hapo mwalimu aliyerudi karibuni kutoka Edinburgh, Julius Nyerere. Alikuwa akishuka mjini kwa mikutano na kurudi kufundisha, chama cha TANU kikaundwa Julai 7, 1954, na mwaka 1955 waajiri wake walipomtaka achague, akaacha kazi. Kutoka Pugu hadi boma la Kisarawe ni mwendo mfupi wa kupanda. Chama kilichokuja kuling'oa boma hilo kilipikwa kwenye vilima vyake. Na rais aliyemfuata Nyerere, Ali Hassan Mwinyi, alizaliwa mwaka 1925 Kivure, kijiji ambacho wakati huo kilikuwa ndani ya Uzaramo hiyohiyo kabla Mkuranga haijakatwa na kuwa wilaya yake.

Kwa hiyo mtu angetegemea Uhuru ungeifanya Kisarawe kuwa mji mkubwa. Badala yake ukaifanya Kibaha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kibaha ilikuwa mahali pa kupita kwenye barabara ya Morogoro. Nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilitaka kufanya mradi mmoja wa pamoja Afrika, Tanganyika ikazipa eneo hapo Tumbi. Mkataba ulitiwa saini mwaka 1962, kituo kikafunguliwa mwaka 1963: shule ya sekondari, chuo cha kuwafundisha wakulima, na kituo cha afya ambacho ndicho mzizi wa hospitali ya Tumbi. Mwaka 1970 Wanordiki wakakabidhi, na Shirika la Elimu Kibaha likaendelea mikononi mwa serikali. Jakaya Kikwete, aliyekuja kuwa rais wa nne, alisoma sekondari hapo. Linganisha na Kisarawe ya 1892 utaona jambo. Vituo vyote viwili vilianza na wageni kutoka Ulaya wakijenga shule mahali pasipo na mji. Tofauti ni kwamba Wanordiki walijenga kando ya barabara. Daktari wa Tumbi alikuwa na wagonjwa wa ajali na wa safari kutoka njia nzima ya bara, mwalimu alikuwa na wanafunzi kutoka mikoa yote, na mama lishe alikuwa na dereva wa lori.

Hapa ndipo ninaposema mambo yalikwenda kinyume. Kibaha haikuwa kubwa kwa kuipelekea Dar es Salaam kitu. Ilikuwa kubwa kwa kuwasimamisha wanaotoka Dar es Salaam. Mkoa wa Pwani ulipotenganishwa na mji mkuu na kutafutiwa makao yake, katika miaka ya 1970, Kisarawe ilikuwa na boma, mahakama na umri. Kibaha ilikuwa na barabara. Kibaha ikapewa. Tangu hapo Maili Moja, Picha ya Ndege, Kwa Mathias, Kongowe, Visiga na Mlandizi vimejipanga kama shanga kando ya lami, na kila kimoja kina kituo chake, gereji zake na vibanda vyake vya chipsi. Basi la bara likisimama kidogo Maili Moja, utaona vijana wakikimbia nalo, beseni za korosho na mayai ya kuchemsha zikiinuliwa hadi dirishani, chenji ikirushwa gari likiwa limeshaanza kuondoka. Hayo ndiyo mapato ya mapazi yaliyorudi, ingawa kwa rejareja.

Vijiji vya ndani vilipitia njia nyingine. Kati ya mwaka 1973 na 1976 serikali iliwahamishia watu vijijini kwa Operesheni Vijiji, na Uzaramo iliyotawanyika chini ya miembe ikapangwa mistari. Orodha ya jumbe, ambayo Mjerumani aliiita kijiji, sasa ikawa kijiji kweli, chenye nyumba zinazotazamana, mwenyekiti, ofisi na shule. Shule zilikuwa faida isiyobishaniwa. Lakini mikorosho ilibaki kule kwenye mashamba ya zamani, mbali, na mkorosho usiopaliliwa huliwa na magugu na moto. Uzalishaji wa korosho nchini ulianguka vibaya miaka hiyo, na watu wa Pwani hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaambia kwa nini. Ukitembea leo nje ya kijiji chochote cha Msanga au Chole, ukaona miembe mikubwa mitatu imesimama peke yake katikati ya pori, jua hapo palikuwa na mji wa watu.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, nayo ilipita Kisarawe, ikaipa Mzenga stesheni. Yaliyoipata Soga mwaka 1907 yakaipata Mzenga. Treni ilikuwa na safari ya Zambia. Kilichokua Mzenga ni mkaa, kwa kuwa mkaa ndio bidhaa ya uani ambayo mji hauishiwi hamu nayo, na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyohifadhiwa kwa sheria tangu ukoloni, imeliwa kingo zake gunia kwa gunia.

Sasa reli imerudi. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, safari isiyofika saa mbili, na stesheni zake za huku ni Pugu, Soga na Ruvu, majina yaleyale ya Holzmann. Soga, yenye watu wachache na minazi mingi, ina jengo la stesheni ambalo mji wa Kisarawe hauna mfano wake. Mwaka 2025 bandari kavu ya Kwala ikazinduliwa ili makontena yaondoke bandarini kwa treni na kupakiwa malori huko, mbali na foleni za barabara ya Morogoro. Kando yake kinajengwa kitongoji cha viwanda. Kwa hesabu za Dar es Salaam ni jambo jema sana: uchafu na msongamano umepelekwa nyuma ya nyumba.

Kwa Kwala yenyewe mambo ni mapya kabisa. Kituo cha zamani kilikuwa na genge la njia na mama wawili watatu wa kuuza uji. Sasa kinadaiwa kuwa lango la Kongo, Burundi na Rwanda. Wakulima na wafugaji wa Magindu na Kwala, waliozoea kugombana wao kwa wao kuhusu ng'ombe na mpunga, wamejikuta wanazungumza na wathamini wa ardhi kuhusu fidia, mipaka na hati. Na Mlandizi, iliyopata mkate kwa miaka 50 kutokana na lori kusimama, ina jambo la kuangalia: malori yakianzia Kwala yatapitia wapi kuifikia lami, na dereva atalala na kula upande gani wa reli.